Mdoli una nembo ya kampuni, lakini unalala na mtoto

Watanzania tumezoea kampuni kujitambulisha kwa mnyama. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, usikilize mafundi wanavyoagiza sementi. Kutegemea uko mkoa gani, utasikia nipe Twiga, nipe Simba, nipe Tembo, nipe Nyati. Ndege za Air Tanzania zina twiga mkiani. Klabu ya Simba haihitaji hata maelezo. Mtoto ambaye hajajua kusoma herufi moja anamtambua mnyama aliye kwenye mfuko, na akimtambua hamsahau. Wenye biashara wanalijua hilo siku nyingi.

Siku hizi hata kampuni ndogo za huku kwetu kusini zinataka alama yao, na hazitaki iishie kwenye mfuko au kwenye fulana. Zinataka mdoli, kitu laini cha kushika, cha kugawa kwenye maonesho ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, au cha kuwazawadia watoto wa wateja mwisho wa mwaka. Mjini wanaiita maskoti. Mimi ni fundi cherehani Nachingwea. Nimeshona sare za shule na magauni ya harusi kwa miaka mingi, na sasa mimi na wenzangu watano katika kikundi chetu tunabuni na kushona midoli hiyo. Nimeona niandike juu ya kazi hii kwa sababu watu wengi huiona mchezo, na kwa sababu mwaka jana ilitufanya pale nyumbani tukae chini tuamue jambo zito.

Kwanza nieleze kidogo ilikotoka. Mwaka 1880, katika mji wa Giengen nchini Ujerumani, alikuwepo fundi mwanamke aitwaye Margarete Steiff. Polio ilimpooza miguu akiwa mtoto mdogo, akawa anaendesha maisha yake kwa kushona. Mwaka huo alishona tembo wadogo wa kitambaa kwa ajili ya kuchomekea sindano. Watoto wakawaona, wakawanyakua, wakawafanya wa kuchezea. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Kutoka kwa tembo wale ikazaliwa kampuni ya midoli ambayo mpaka leo inajulikana duniani kote, na mwaka 1902 mpwa wake akabuni dubu wa manyoya mwenye mikono na miguu inayozunguka. Mwaka huohuo kule Marekani, Rais Theodore Roosevelt alikataa kumpiga risasi dubu aliyekwisha kufungwa, mchoraji wa gazeti akachora katuni ya kisa hicho, na mwenye duka mmoja wa Brooklyn akashona dubu wa kitambaa, akampa jina la utani la Rais, Teddy.

Baadaye wakubwa wa michezo na biashara wakaona faida. Kombe la Dunia la 1966 huko Uingereza lilikuwa la kwanza kuwa na maskoti, simba aliyeitwa World Cup Willie. Wengi wetu tunamkumbuka Zakumi, chui wa nywele za kijani wa mwaka 2010 kule Afrika Kusini. Lakini wenyeji wenyewe walilalamika kwamba bidhaa za Zakumi zilitengenezwa China, wakati mafundi wa nyumbani wanatafuta kazi. Kwa hiyo swali la nani abuni na nani ashone si la Nachingwea peke yake.

Sasa nije kwa yetu. Mwezi Septemba, mabibo yameanza kuiva, kampuni moja inayobangua korosho ilimtuma afisa masoko wake kwangu. Kijana mstaarabu, katoka Dar es Salaam.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akatoa karatasi yenye mchoro. Ni bibo jekundu lenye miguu miwili na tai shingoni, na korosho imekaa juu ya kichwa kama kofia. Tumboni limeandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa, na chini yake namba ya simu. Wanataka midoli 300 kabla ya sherehe ya Desemba watakayowaandalia watoto wa wakulima. Nikashona wa mfano kama ulivyochorwa, kwa sababu mteja ana haki ya kuona wazo lake likiwa mkononi.

Mdoli ule niliuacha juu ya meza ya kukatia. Kitinda mimba wangu, ana miaka saba, akaingia na watoto wawili wa jirani. Akautazama, akaugeuza kichwa chini miguu juu, akaurudisha mezani hivyohivyo.

"Mama, ulikuwa umeugeuza."

Mwenzake akabisha kwamba mwenye miguu lazima asimame kwa miguu. Wa tatu akamjibu kwamba bibo halina miguu, lina korosho, na korosho iko chini. Wakatoka mbio wakarudi na bibo lenyewe kutoka chini ya mti, wakaliinua mbele yangu kwa kikonyo. Kwa mtu wa Nachingwea hilo halina mjadala. Tunda liko juu, korosho inaning'inia chini yake. Mchoraji wa Dar alikuwa ameiona korosho sahanini, hajaiona mtini.

Huku kwetu tuna historia na michoro inayochorwa mbali. Mwaka 1947 Waingereza walileta Mradi wa Karanga, wakachagua Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara, wakafyeka pori kubwa. Mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha, na baadaye hata reli iking'olewa. Waliopanga hawakuuliza udongo wala mvua. Mdoli ni kitu kidogo mno ukilinganisha na mradi ule, lakini mimi nilipowasikia watoto wale nikakumbuka mambo hayo. Ukitaka kitu kikae na watu wa mahali fulani, uwaulize kabla hujakata kitambaa.

Basi nikabuni upya, bibo lenyewe likiwa mbele yangu mezani. Korosho nikaishusha chini, nikaijaza zaidi kuliko mwili ili iwe nzito, na kwa kuwa imepinda kama figo, ikawa kiti. Mdoli unakaa juu yake bila kuanguka na bila kuhitaji miguu. Juu nikaweka kikonyo cha kitambaa kilichokunjwa kuwa kitanzi kidogo, mtoto autundike kwenye kamba ya chandarua. Kitanzi nilikipima kisipite vidole viwili, kwa sababu kitanzi kinachoingia kichwa cha mtoto ni hatari hata kikiwa laini. Tai nikaitoa. Mkulima gani huku anakwenda shambani na tai?

Rangi ya korosho ilileta ubishi na afisa. Yeye alitaka iwe nyeupe, kwa sababu nyeupe ndiyo wanayouza, iliyobanguliwa. Nikamweleza kwamba iliyoko kwenye bibo ina ganda la kijivu, na ganda hilo lina mafuta yanayounguza midomo na ngozi. Kila mama wa huku huwafundisha wanawe mapema wasiing'ate korosho mbichi. Nikishona nyeupe ikiwa bado inaning'inia kwenye bibo, namfundisha mtoto kinyume cha anachofundishwa na mama yake. Hapo kijana alinyamaza kidogo, akasema nimemshinda. Ikawa ya kijivu.

Jina la kampuni nalo tulilijadili.

"Mama, bosi anataka lionekane hata kwa mbali."

"Kwa mbali wekeni bango barabarani, mwanangu. Huu unatazamwa kwa karibu, mtoto kaulalia."

Nikamwonesha kwamba maandishi ya kuchapa tumboni hupasuka baada ya kufuliwa mara chache, na nembo iliyopasuka inaiaibisha kampuni kuliko kutokuwepo. Tukakubaliana nembo ndogo itariziwe mgongoni, na jina likae kwenye lebo iliyoshonewa ndani ya mshono wa pembeni. Namba ya simu ikaondoka kabisa. Namba hubadilika, mdoli ukipendwa unaweza kukaa nyumbani hadi mtoto anaoa.

Hapo niseme jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, kwa manufaa ya akina mama wenye cherehani ambao wangependa kujaribu. Pateni unaichora kwenye boksi gumu, si kwenye gazeti, kwa sababu utaizungushia chaki mara mamia na ukingo wa gazeti huliwa. Bibo ni la mviringo, na kitambaa ni bapa. Ili kipate tumbo, unakigawa vipande virefu vyenye ncha mbili, kama unavyomenya chungwa. Vipande vikiwa vinne mdoli unakuwa na pembepembe, vikiwa sita unakaa vizuri. Kitambaa cha manyoya kina mwelekeo wake. Kipapase, upande mmoja yanalala, upande mwingine yanasimama. Vipande vyote vikatwe manyoya yakielekea chini, la sivyo mdoli utaonekana una mabaka hata kama rangi ni moja.

Kitambaa chekundu lazima ukijaribu. Loanisha kitambaa cheupe, ukisugue juu ya chekundu kwa nguvu. Kikitoa rangi, usikitumie, kwa sababu mtoto atakinyonya, na rangi itaingia kinywani kwanza kabla ya kuchafua shuka. Roli la kwanza lililoletwa na basi kutoka Kariakoo lilitoa rangi, tukalifanya mapazia.

Cha kujazia, mama mkwe alipendekeza sufi. Misufi ipo, na mito yetu mingi ya zamani ilijazwa hivyo. Sufi ni nyepesi na ni laini sana. Tulishona mmoja kwa sufi na mwingine kwa pamba ya dukani ya kujazia mito, tukaifua yote miwili mara tatu. Wa sufi ulijikusanya mabonge, ukawa na kiuno pale pasipostahili. Mama mkwe mwenyewe aliubonyeza akacheka, akasema sufi ibaki kwenye mito ya wazee, hawaifui kila wiki.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda. Kilichotukwamisha ni macho.

Afisa alirudi kutoka Dar na pakiti ya macho ya plastiki, yale meusi yenye kung'aa, ya kubandika kwa gundi. Kubandika jicho ni dakika moja. Kutarizi uso wa bibo, macho mawili na mdomo unaotabasamu, kulituchukua kama dakika 25 kwa mkono. Midoli 300 ni saa 125 za kutarizi, na kwa wanawake sita ni zaidi ya saa 20 kila mmoja, tena za jicho la karibu na taa. Kampuni haikuwa tayari kuzilipia. Bei yao ilikuwa ya macho ya gundi.

Ndugu msomaji, kuhusu macho ya gundi mimi sina haja ya kuambiwa. Miaka minne iliyopita binti wa mdogo wangu, alikuwa hajatimiza miaka miwili, alipewa mdoli wa dukani wenye macho ya namna hiyo. Jioni moja mama yake aliukuta una jicho moja. Mtoto anakohoa, anatoa sauti kama ya filimbi kila akivuta pumzi. Tukampakia kwenye bodaboda usiku, mdogo wangu amemkumbatia, mimi nyuma yao kwenye pikipiki nyingine. Njia ile ninaijua kwa miguu tangu utoto, lakini usiku ule haikuisha. Jicho lilitolewa. Mtoto yuko hai, anasoma chekechea, na mwenyewe hakumbuki kitu. Sisi tunakumbuka. Mdogo wangu mpaka leo akiletewa zawadi yoyote ya mtoto, kwanza anaivuta macho.

Kwa hiyo nilimwambia afisa kwamba macho ya gundi sitashona. Naye hakunikasirikia, alinieleza hesabu. Kama hatuwezi kwa bei ile, kuna watu wanaagiza kutoka nje kwa bei ya chini kuliko hiyo. Akanipa siku tatu.

Usiku ule tulikaa. Mwanangu mkubwa alikuwa amemaliza darasa la saba na Januari alitarajiwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Ada hailipwi siku hizi, lakini tranka, godoro, sare na nauli vinalipwa. Mume wangu alisema maneno ambayo nayaheshimu hata leo. Alisema kila mtoto ana mzazi wake wa kumwangalia. Alisema tukikataa, midoli ileile itakuja kutoka nje na macho yaleyale, watoto walewale watapewa, na sisi tutakuwa tumekosa tranka bila kumwokoa mtu. Sikuwa na jibu la haraka. Hoja ilikuwa ya kweli kwa sehemu yake yote.

Asubuhi alikuja mjomba. Kwetu huku Wamwera neno la mjomba lina uzito wake, hasa linapohusu riziki ya watoto wa dada yake. Akasikiliza pande zote mbili. Hakusema nishone wala nisishone. Aliniuliza, "Hiyo bei yao wameipangia nini? Macho, au mdoli mzima?"

Swali lile ndilo lililofungua. Walikuwa wanalipia mdoli mzima. Nikarudi mezani kwenye boksi zangu. Mdoli wetu ulikuwa na vipande 11 na urefu wa sentimita 25. Mikono miwili iliyokuwa imebaki kwenye mchoro wa kwanza ilikuwa inakula vipande vinne, tena vipande vidogo vyenye kona ndizo zinazochelewesha cherehani. Bibo halina mikono. Nikaitoa. Sita za mwili, na korosho nikaipata kwa kipande kimoja kilichokunjwa, jumla saba. Urefu nikaushusha hadi sentimita 20, na kitambaa kikapungua. Uso nikaurahisisha: macho mawili ya mstari uliopinda, kama mtu anayecheka huku kafumba macho, dakika 12 badala ya 25. Mwenzetu mmoja alisema sasa Bibo anaonekana amelala, na mwingine akamjibu kwamba ndiyo vizuri, mtoto naye atalala.

Siku ya tatu nikampelekea afisa mdoli mpya na hesabu mpya. Bei ilikuwa juu kidogo ya ile yao, si sana. Macho ni ya uzi. Akaondoka nao. Baada ya wiki jibu likaja kwamba kampuni itachukua kwetu 120, na 180 itaagiza kwingine.

Nisiwadanganye kwamba tulishinda. Tulipata chini ya nusu ya kazi tuliyoitegemea. Godoro lilinunuliwa, tranka aliazimwa kwa binamu yake, lina kutu pembeni na jina la mtu mwingine limefutwa kwa rangi. Mume wangu hakunikumbusha hata siku moja, na ukimya wake huo nimeuhesabu kuwa ni zawadi. Kwenye sherehe ya Desemba midoli yote iligawiwa pamoja. Ile ya kutoka nje ilikuwa imefuata mchoro wa kwanza, korosho kichwani, macho yanang'aa. Ilikuwa inapendeza, lazima niseme kweli. Watoto wengi waliikimbilia hiyo kwanza kwa sababu ya macho. Nilisimama pembeni nikaona.

Mwezi Machi dereva wa Noah ya Ruangwa alisimama mbele ya kibanda changu akanikabidhi mfuko wa rambo. Ndani yake alikuwemo Bibo wetu, rangi imepauka kidogo, kikonyo kimefumuka upande mmoja. Mama mmoja wa Ruangwa alikuwa ameona jina la kikundi kwenye lebo, akaulizia mpaka akanipata. Kwenye simu aliniambia mwanawe halali bila huo mdoli na kwamba kautundika na kuutundua mpaka kitanzi kimechoka, basi niufanyie haraka, gari linarudi saa kumi. Niliugeuza nikaukagua kabla ya kushona. Mishono ya tumbo imekaa. Uso uko vilevile, kila uzi mahali pake. Kikonyo nilikishona upya kwa mishono miwili, na tangu hapo vikonyo vyetu vyote tunavishona hivyo. Saa kumi Bibo akarudi kwao Ruangwa.

Kazi ile ilitufungulia na maswali mengine. Baada ya kumwona Bibo, mwenye duka mmoja wa Ruangwa alitaka midoli ya kuwauzia mashabiki wa Namungo. Namungo FC ni fahari ya wilaya. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, jambo ambalo timu nyingi za miji mikubwa hazijawahi kulifanya. Lakini jina lake la utani ni Wauaji wa Kusini. Hebu fikiria kubuni mdoli wa muuaji wa kulala na mtoto wa miaka mitatu! Nyumbani tulicheka, kila mtu akatoa pendekezo lake. Mimi nilipendekeza siafu: ni mdogo, hatembei peke yake, na wakija wote hata tembo anasogea. Mwenye duka alifurahi. Nikamwambia kwamba nembo na jina la klabu ni mali ya klabu, alete kwanza barua ya ruhusa. Bado naisubiri. Pateni ya siafu iko ukutani, miguu sita, macho ya uzi.

Hilo la mali ya nani ni lini ni jambo ambalo akina mama wengi wa cherehani hatulisemi mapema. Alama ya biashara husajiliwa BRELA, na kazi ya ubunifu ina sheria yake ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Mteja akija na nembo yake, nembo ni yake. Lakini pateni uliyoitafuta kwa usiku mwingi ni jasho lako, na ni vizuri muandikishane kabla ya kukata kitambaa: ananunua midoli tu, au na pateni? Kama na pateni, ina bei yake. Kampuni yetu baada ya kuchukua ile 120 iliniomba niwape boksi za pateni "kwa kumbukumbu." Mjomba alisema mtu akikupa mbegu ukaipanda kwenye shamba lako, mtagawana mavuno, lakini haondoki na shamba. Kwenye karatasi yetu paliandikwa midoli, basi tukawapa midoli. Malipo ya awali nayo yawe nusu, yaandikwe, na mfano uliokubaliwa mbaki nao wawili, mmoja kwako na mmoja kwake, ili siku ya kukabidhi pasiwe na maneno.

Kwa wenzangu wa kampuni nina ombi moja. Mnapokaa kupanga maskoti, mezani yupo bosi, yupo wa masoko, yupo mhasibu, wakati mwingine yupo na fundi. Atakayelala na mdoli huo hayupo. Hawezi kusema kitanzi ni kirefu, hawezi kusema jicho linalegea, na akilitia mdomoni hawezi kuwapigia simu hata kama mmeandika namba tumboni. Mtafuteni mtoto mmoja wa mahali ambapo mdoli unakwenda, mpeni mfano, mkae kimya mtazame anaufanya nini. Haigharimu kitu.

Na kwa wazazi, mwaka huu pia midoli itagawiwa, Nane Nane na mwisho wa mwaka, na mtaipokea kwa furaha kama inavyostahili. Kabla hujamkabidhi mtoto, hasa aliye chini ya miaka mitatu, vuta macho kwa kucha. Vuta vifungo na utepe. Bonyeza mishono ya pembeni uone kama pamba inachungulia. Sugua kitambaa cheupe kilicholowa uone kama rangi inatoka. Jicho likitoka mkononi mwako, litupe, ukae uzibe pale kwa uzi mweusi, mishono mitano au sita inatosha. Mtoto hatajali kwamba macho hayang'ai.